Mwangwi wa Mwalimu Gasper

Zuhra, ngoja nikusimulie ya leo asubuhi.

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kinanda cha kanisani kwetu Chilangala, kama kila asubuhi. Mara Mwalimu Gasper wa kwaya akaingia na wazee wawili. Hata shikamoo yangu hakuiitikia!

Unaijua ile programu ya kompyuta iliyounganishwa na kinanda chetu, inayotoa sauti za kinanda kikubwa cha mabomba. Wiki nzima nimeipangia spika kama nilivyofundishwa chuoni, sauti nzito upande wa wanaume, nyembamba upande wa kinamama. Mwangwi niliweka kidogo tu, maana lile paa la bati lina mwangwi wake.

Gasper akaupandisha mwangwi hadi mwisho, akapiga. Sauti zikarundikana, hata wimbo haujulikani!

Akawageukia wazee: "Mnaona? Binti kaharibu. Chuo chenyewe ndicho hicho!"

Chuo chenyewe ndicho hicho! Nimesimama palepale!

Nikaushusha mwangwi. Nikakaa, nikapiga wimbo mzima. Mzee Vitalis, mmoja wa wale wawili, akaanza kuimba.

Gasper akafoka, "Kakutuma nani? Unataka nini hasa?"

Mimi, ninayeona aibu hata kusimamisha bodaboda, nikamwambia: "Nataka kupiga Jumapili, Mwalimu. Nipige mimi, siyo kukutengenezea wewe sauti tu."