Misumari Mitatu ya Shaba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kilnamoy, Kaunti ya Galway. Jumanne, 16 Julai 2019, saa 3:20 asubuhi.
Jina: Fintan Geraghty. Umri: miaka 61. Kazi: mchonga magongo ya hurling (mchezo wa kwetu Ireland wa kupiga mpira kwa magongo), kiangazi huendesha basi dogo la watalii. Makazi: Kilnamoy, nyumba ya mwisho kabla ya daraja.

Nimeonywa nisiseme uongo. Uongo nilishausema, nimekuja kuufuta.

Mnamo tarehe 14 Julai, Jumapili, saa 7:30 mchana, nilimpelekea mwanangu Eoin, miaka 23, gongo lake uwanjani. Lilipasuka Ijumaa, nikalifunga bati jipya. Misumari ya chuma ilikuwa imeniishia, nikapigilia mitatu ya shaba. Gongo la namna hiyo sijamtengenezea mtu mwingine yeyote.

Nikamwambia, "Devaney anacheza leo." Colm Devaney ni beki wa Rathconnor, wapinzani wetu siku hiyo, na mwaka jana alimvunja Eoin mkono.

Eoin akasema, "Baba, yale yamekwisha."

Nikamjibu, "Yamekwisha kwako. Mimi ndiye niliyekulisha kwa kijiko wiki sita. Ukirudi nyumbani leo na yule bado anatembea, usiniite baba."

Naomba hayo yaandikwe kama nilivyoyasema.

Saa 8:15 niliwapandisha watalii sita kwenye mnara wa ngome ya zamani. Kutoka pale huwa wanaona ziwa, malisho ya kondoo, na mechi ya bure chini yake. Kilnamoy tulifungwa kwa pointi moja. Mechi ilikwisha saa 9:50.

Nikamwona Devaney akienda peke yake nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, helmeti mkononi. Mtu mwenye koti la mazoezi la timu yetu akamfuata, gongo mkononi. Huyo aliyemfuata alikuwa bado amevaa helmeti, uso haukuonekana kwa sababu ya vyuma vya mbele. Pigo la kwanza lilimpata Devaney gotini, akaanguka. Akainua mkono, akasema neno ambalo sikulisikia. La pili likauvunja mkono huo. La tatu lilimpata usoni na gongo likakatika. Mlio wake ulitufikia kule juu, kama mtu anapasua kuni. Akaendelea kupigwa kwa kipande cha mpini. Sikuhesabu tena. Mwendo wa yule mtu niliujua tangu hatua ya kwanza.

Mgeni mmoja, mama wa Denmark, akaniuliza, "Na hiyo nayo ni sehemu ya mchezo?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Huku kwetu hatubembelezani." Wakacheka.

Nilishuka mbio. Devaney alikuwa kifudifudi, anakoroma ndani ya damu yake. Niliokota kwanza kipande cha gongo chenye bati, ndipo nikamwita daktari wa timu. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo nilivyofanya. Kipande nilikificha chini ya kiti cha dereva.

Polisi walipouliza, parokia nzima haikuona kitu. Mimi nilisema nilikuwa nawaonyesha watalii ziwa.

Jana jioni tulipata habari kwamba Devaney amepoteza jicho la kushoto. Mke wangu Bríd akasema, "Fintan, huyu ni mtoto wetu. Litie motoni hilo gongo, tule." Nililitoa kwenye basi, nikaliweka kwenye jiko. Nilishika kiberiti, nikashindwa kukiwasha. Eoin alikuwa mezani, viazi vyake vimepoa. Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu, "Sasa nikuite nani?"

Asubuhi hii nimeondoka kabla hawajaamka.

Kipande nimekileta. Misumari hiyo niliipigilia mimi, na gongo ni la Eoin. Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, hakuna nililoongezewa wala kupunguziwa, na nikishitakiwa kwa maneno niliyomwambia sitayakana.

Sahihi: F. Geraghty

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami, Sajini Aoife Mulqueen, na kumalizika saa 4:35. Nimepokea kipande cha gongo chenye misumari mitatu ya shaba. Shahidi aliruhusiwa kuondoka, akakataa, akakaa kwenye benchi la mapokezi. Saa 5:05 Eoin Geraghty alifika kituoni mwenyewe, akiwa na mpini uliovunjika. Alimwambia shahidi, "Sogea kidogo, baba." Wameketi wote wawili wakinisubiri.