Kitanda Juu ya Matofali

Jumatatu, 3 Machi

Chapati za kuuza zimeisha mapema, maharagwe ya madondo yamebaki. Yule mama wa redio anayeshauri wanawake leo kaongea wakati nasukuma chapati: badilisha kitu kidogo nyumbani, roho itafurahi. Ondoa pazia zito. Weka kitu kibichi dirishani. Sogeza kiti. Ati ni rahisi. Sawa, madam. Wewe hujaolewa na Wafula.

Lakini nimefanya. Lile pazia la kahawia linalonuka moshi nimelitoa, nikatundika leso yangu ya maua. Chumba ni kimoja tu, nyumba za zamani za kanjo, za baraza la jiji, hapa Maringo ndivyo zilivyo, lakini lo, mwanga ulivyoingia! Binti yangu Naliaka amecheka. Ana miaka saba na siku hizi kicheko chake ni cha kutafuta.

Wafula karudi kutoka bucha kule soko la Burma, koti limejaa damu. Akaiangalia leso. Akala. Akalala. Nashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Nimepanda dania kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Dirishani, kama mama wa redio alivyosema.

Saa mbili usiku mkebe ulikuwa ukutani na udongo kwenye ugali. Leso vipande viwili. Wafula anasema ati namwanika kwa majirani, wapita njia wanamwona akila. Kofi moja tu. Mdomo umepasuka. Mkono wake unanuka mbuzi hata akioga.

Namchukia. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Naliaka ndiye kaleta wazo. Tuinue kitanda. Tumeokota matofali pale wanapojenga choo kipya, mawili mawili kila mguu. Kitanda kimekuwa kirefu kama cha hospitali. Nikamwambia hapa chini tutaweka magunia ya unga. Yeye alikuwa anapima nafasi kwa mabega yake.

Nilifurahi siku nzima. Binti yangu ana jicho la nyumba.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kidole cha mkono wa kulia kimevunjika.

Kosa ni langu na si langu. Baada ya kanisa nilisogeza kiti cha Wafula. Kile cha mbao chenye kitambaa cheupe, kinachotazama mlango, ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Nilikipeleka dirishani kwenye jua. Najua kwetu kiti cha mwenye boma husogezwa akishakufa. Mimi pia ni Mbukusu, sikuzaliwa jana. Nilidhani mjini mambo hayo yameisha.

Hayajaisha. "Unanizika nikiwa hai?" Mshipi kwanza. Halafu mguu wa stuli. Nilishika kisukumio cha chapati nikampiga begani kwa nguvu zangu zote, na nilifurahi, na furaha hiyo imenitisha. Ndipo akakunja kidole changu mpaka kikalia.

Alipotoka kwenda kunywa nikamtafuta Naliaka. Yuko chini ya kitanda. Ana shuka, kikombe cha maji, kipande cha chapati kwenye karatasi. Alikuwa amejiandaa.

Matofali yale. Mungu wangu. Na mimi niliyabeba nikiimba.

Jumanne, 11 Machi

Kidole kimefungwa. Polisi kituoni wamesema nirudi na bwana tukae tuongee. Tuongee nini? Mama Brayo wa mlango wa pili amenipikia uji na kunitukania serikali yote.

Wafula kaleta matumbo ya kuomba msamaha. Akayaweka mezani pamoja na kisu cha kazini, ambacho hajawahi kuja nacho hapa. Kiti akakirudisha mahali pake mwenyewe. Akasema kikiguswa tena atanikatakata vipande vipande, na hakuna mteja atakayejua tofauti. Alisema polepole, huku anafuta kisu na kitambaa kile cheupe.

Mlevi akipiga kelele simwogopi. Huyu hakuwa amelewa.

Mama Brayo anasema toroka. Nitoroke niende wapi, na hii ni nyumba ya baba yangu? Kanjo walimpa yeye, mimi nikazaliwa humu. Wafula alikuja na begi moja. Ni Mama aliyelazimika kuhama arudi Bungoma, maana mama mkwe hawezi kulala nyumba moja na mume wa bintiye. Hata kumwangalia usoni ni mwiko. Tangu niolewe hajakanyaga hapa. Anatuma mboga, tunazipokea steji ya basi.

Nimelala macho. Nimefikiria mwiko huo usiku kucha.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Mama. Nikamweleza kidole, kisu, matofali. Nikamwomba aje alale hapa.

Alichokuwa anafikiria nakijua. Watamsema sokoni, watamsema kanisani, atadaiwa kondoo wa kumtakasa, na wengine hawatakula kwake tena.

"Waseme," akasema. "Nitafika Ijumaa."

Ijumaa, 14 Machi

Mama kafika mchana. Kamkumbatia Naliaka, hakulia. Akauliza kiti ni kipi. Nikamwonyesha. Akakibeba mwenyewe, mwanamke mzee na mgongo wake mbovu, akakiweka dirishani, akakaa. Nikamwambia Mama, hapo hapana. Akaniambia nichemshe chai.

Viatu vikasikika. Naliaka akaingia chini ya kitanda. Mlango ukafunguliwa kwa teke na Wafula akasimama, kisu kwenye gazeti kwapani. Akaona kiti kimehama. Akafungua mdomo.

Halafu akaona nani amekikalia.

Sijawahi kuona mwanamume akiungua bila moto. Aligeuza uso, akavuta koti la bucha kichwani kama mtoto anayeogopa mvua. Mama hakuinuka. Akasema, "Karibu ndani, baba. Hapa ni kwangu." Mguu mmoja wa Wafula ukaja kizingitini. Nilishika kisukumio. Nilikuwa tayari kumuua, nasema ukweli. Mguu ukarudi.

Akatukana kutoka uani, uso ukutani. Akawapigia kaka zake. Simu ilikuwa kwenye spika, majirani wa ploti nzima wakasikia kaka mkubwa akimwambia: "Mama mkwe yuko ndani? Wewe, toka hapo! Usituletee laana."

Mama Brayo ndiye aliyempa begi lake. Lile lile moja.

Alhamisi, 20 Machi

Wafula kapita langoni mara mbili. Mama anakaa dirishani makusudi, pazia wazi. Kitasa kipya kimewekwa. Nikisikia viatu bado mkono unateleza, chapati inatoka upande.

Jumapili, 30 Machi

Hatukuenda kanisani. Mama amelala mchana, anakoroma. Mama Brayo anasema Wafula amehamia Njiru. Labda.

Leso nimeishona. Mshono unaonekana. Dania niliyopanda tena imeota, kidogo, kwenye mkebe uliobonyea. Kidole hakitanyooka.

Naliaka kasema kitanda kiko juu sana, anachoka kupanda. Mimi nikainua, yeye akatoa matofali ya juu, mguu baada ya mguu, akayapanga nje. Nikainama kutoa ya chini.

Akasema hayo tuyaache kwanza.

Nikasema sawa. Tumeyaacha.