Acha kuwawekea ile dawa ya unga

Mwanangu Neema,

Hujambo mama? Huku Chamwino tu wazima, ila upepo wa vumbi unatukausha midomo. Mama mdogo wako amenipikia mlenda, nimekula mpaka nikaona aibu.

Jana nilitaka kuingia kwenye banda lake la nguruwe, akanizuia mlangoni. "Dada, nawa miguu kwanza, uvae ndala zangu. Sijui umekanyaga wapi." Nikamwambia nguruwe wako wanaishi kama waheshimiwa wa serikali kule Mtumba. Akacheka, lakini nilinawa.

Ndani ni pakavu, majani makavu, hawapi dawa, na wanunuzi wa mjini wanaotaka nyama isiyo na dawa wanamfuata kwa ajili hiyo. Nikajisifu kwamba mimi wangu nawachanganyia dawa ya unga kwenye pumba kila siku kama chumvi, wasije wakaugua. Akaniangalia kwa huruma. "Dada, ukiwazoesha hivyo, siku wakiugua kweli haitawasaidia."

Tangu hapo namuwaza yule nguruwe wetu mdogo wa sikio jeusi. Basi ukipata kadi hii, acha kuweka. Toa majani yaliyolowa, weka makavu, na kila anayeingia anawe miguu, hata mchungaji wa kanisani. Lakini yule mdogo akiharisha, usimwache ateseke kwa sababu mama kaandika. Mwite bwana mifugo amchome sindano. Wanunuzi wakimkataa, atabaki nyumbani na sisi.

Nawe ule ushibe, ufunge kifua na kanga yangu ya bluu.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza kila nikishika kijiko.