Maji ya Bi Mwanaidi

Salma mjukuu wangu, marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Michenzani sote wazima, na mguu wa mama yako umeshapona. Unauliza kama filamu za watu wanaosimama pamoja wakati wa shida zinasaidia kitu.

Nilipokuwa msichana, Jumapili mchana sinema ilikuwa yetu wanawake peke yetu. Siku moja tulitazama kijiji kilichokaukiwa maji, watu wamejipanga wanapokezana ndoo kuwapelekea wagonjwa. Tulilia mpaka buibui zikaroa. Mara umeme ukazimika, tukarudi nyumbani tunanung'unika kunyimwa mwisho.

Kwetu nako mabomba yalikuwa makavu wiki nzima. Kila mtu aliteka maji kisimani, akapandisha ndoo yake ghorofani, akafunga mlango. Tulipofika chini ya jengo letu, Bi Mwanaidi, bi kizee wa ghorofa ya tano, akatuita kutoka dirishani: "Jamani, hata maji ya kutawadhia sina!"

Tukaona haya. Tulikuwa tumetoka kuwalilia watu wa kwenye pazia la sinema.

Tukajipanga ngazini na buibui zetu vile vile, ndoo zikapanda.

Mwisho wa filamu ile sijauona mpaka leo. Wa kwetu naukumbuka: Bi Mwanaidi anatawadha, na sisi tumekaa ngazini, hoi.

Bibi yako,
Zuhura