Nyonga Mpya na Habari Walizonificha

S.L.P. 417,
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kikohozi kimekuachia? Na mapacha, wameshaizoea baridi? Sisi huku tunapumua.

Uliponiuliza kwa simu ilikuwaje kule hospitalini, nilisema nitakuandikia. Acha niandike.

Nyonga yangu unaijua. Miaka thelathini ya kukanyaga cherehani iliitafuna mpaka nikawa napanda kitandani kwa magoti. Daktari aliitazama picha akasema mfupa unasaga mfupa, dawa ni kuiondoa na kuweka ya chuma. Shemeji yako akacheka: "Nikiwa na mke wa chuma, tukigombana nitaponea wapi?" Alinisindikiza hadi mlango wa chumba cha upasuaji, kandambili zangu kazishika mkononi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake wakanisimamisha kwa magongo.

Siku ya tatu shemeji yako hakuja. Kaka yetu akasema ana mafua, wodini hawamruhusu. Siku ya nne mafua, ya tano mafua. Nikatania, "Mwambie mafua gani hayo, mwanamume mzima!" Kaka akageukia dirishani.

Siku ya saba akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Dada, moyo ulimsimama akiwa bafuni. Tumeshamzika. Tuliogopa kukuambia, usije ukaanguka."

Nikasema sawa. Nikaomba maji. Yule dada wa mazoezi ya viungo alipofika, nikatembea ukumbi wote wa wodi hadi mwisho, akanisifu.

Sikulia, mdogo wangu, na mpaka leo sijalia. Nakunja nguo, nakula, nalala. Majirani wanasema nimejikaza kweli kweli. Sijajikaza. Ni kama ile sindano ya ganzi haijaisha.

Kaka sijamkasirikia. Naye nimemwambia sawa.

Magongo nimeyaacha wiki iliyopita. Jana kaka akanipeleka makaburini. Njia ni mteremko, ina mawe. Akaninyooshea mkono, nikakataa. Nilishuka mwenyewe, hatua kwa hatua, na nyonga haikuuma hata chembe. Nikasimama pale muda mrefu nikisubiri maumivu, popote mwilini. Kisha nikapanda tena.

Nisalimie shemeji yangu huko na mapacha. Kaka na wifi wanakusalimu. Mungu awafunike mlalapo na muamkapo.

Usinipigie kwanza. Niandikie.

Mimi dada yako, wako akupendaye daima.