Salamu kwa Roba

Bulla Pesa, Isiolo, 9 Aprili 2025

Aba mpendwa,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, watoto wanakohoa vumbi tu. Wewe je? Unaweza kumeza? Ngamia wamepata maji huko Korbesa?

Aba, majibu yametoka. Ule uvimbe ulio nyuma ya ulimi ni saratani. Kaa chini, usikilize mpaka mwisho. Imeshikwa mapema, na daktari wa Nairobi anasema inaweza kutolewa yote. Najua unamfikiria Mzee Kuno, aliyepasuliwa taya akarudi na tundu shingoni, na hasemi tena. Wewe hutapasuliwa uso. Utafanyiwa na roboti, kupitia mdomoni, na sauti yako ina nafasi nzuri ya kurudi. Nakuomba ukubali. Ningepiga simu lakini najua umeikataa.

Binti yako,
Nasteha

*

Korbesa, 16 Aprili 2025

Nasteha wangu,

Aleikum salaam. Nagaa, mna amani? Hao watoto wape asali. Mimi nameza uji, nyama imenishinda. Simu kweli sitaki. Nikiongea sauti haifiki, mtu wa upande wa pili anapiga kelele "Halo! Halo!" mpaka nakata.

Maandishi yako ni madogo mno, kwa hivyo Abdinajib wa pikapu alinisomea huku injini ikinguruma. La saratani nimelisikia, na nilishika kichwa. Tangu nimwone Kuno niliapa hakuna kisu kitakachonigusa, bora nife na maneno yangu. Lakini niliposikia nitafanyiwa na Roba, moyo ukatulia. Kumbe tuna kijana wetu huko! Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, mpaka akapewa jina la mvua, hawezi kuwa na mkono mbaya. Jina la baba yake sikulisikia vizuri. Roba Ti, Roba Tu. Ni Roba Tuye? Wa yule Tuye wa Merti aliyehangaika kusomesha watoto? Msalimie sana. Nimekubali. Namtumia mkebe wa nyirinyiri, nyama kavu ambayo mamako ameikaanga kwa mafuta ya ngamia. Watoto wasiufungue.

Aba

*

Bulla Pesa, 20 Aprili 2025

Aba,

Salaam aleikum. Koo lako vipi? Nyirinyiri imefika. Barua yako ilinichekesha mpaka jirani akagonga ukuta, halafu nikalia. Mume wangu Ridwan aliniambia, "Nyamaza, wacha mzee aje na Roba wake." Lakini ungefika Nairobi ukute nimekuficha, na hilo siliwezi.

Roba si mtu, Aba. Ni roboti, mashine. Ina mikono myembamba inayoingia mdomoni mpaka mahali vidole vya mtu havifiki. Daktari anakaa kando, anaangalia ndani ya koo lako kwa kioo, na anavyosogeza vidole vyake ndivyo mashine inavyosogea. Yenyewe haijiamulii kitu. Daktari anaitwa Gacheri. Ni mama wa Meru.

Sasa umejua yote. Naogopa sana, Aba. Nakutaka uwe hai.

Binti yako,
Nasteha

*

Bulla Pesa, 6 Mei 2025

Aba,

Salaam aleikum. Mko wazima? Abdinajib amerudi tena mikono mitupu. Anasema anakuona, lakini unamjibu kwa kichwa tu. Daktari ametupa nafasi tarehe ishirini, na tukichelewa uvimbe unakua. Kama umekasirika, nitukane. Lakini nitukane kwa maandishi, nijue unanisikia. Tafadhali, Aba.

Nasteha wako

*

Korbesa, 13 Mei 2025

Nasteha,

Aleikum salaam. Tuko wazima, isipokuwa mimi. Ndiyo, nilikasirika! Nilikuwa nimeshatangazia kisima kizima kwamba mtoto wa Tuye atanitibu. Tuye mwenyewe alipopita hapa nikamshika mkono kumshukuru. Akanishangaa. Mwanawe Roba yupo kweli, lakini ni kinyozi. Watu wanacheka mpaka leo.

Jana nilienda kisimani nikaita ngamia wangu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mamako Kaltuma akaita, wakaja mbio. Nilisimama pale nikaona kama nimeshakufa, na wao ndio wamejua kwanza. Iliniuma, mwanangu, kuliko huu uvimbe.

Basi nakuja na pikapu ya Ijumaa. Huyo Gacheri mwambie ugomvi wetu wa mpaka wa Isiolo na Meru tutauongea nikipona, kwa hivyo anirudishie sauti vizuri, nitaihitaji. Na hiyo mashine ni Roba. Nimeshaizoea kwa jina hilo, msinibadilishie.

Aba

*

Bulla Pesa, 18 Juni 2025

Aba,

Salaam aleikum. Ulifika salama? Kidonda kinauma bado? Mama anakupikia uji mwepesi nilivyomwelekeza, ama ameshaanza yake?

Watoto nimewasimulia siku ya upasuaji, ulivyosukumwa kwa kitanda cha magurudumu, ukaiona ile mashine, ukasema, "Roba, nagaa?" Sasa wanaigiza kutwa, mmoja ni Aba, mwingine ni Roba. Manesi walicheka, na mimi nilicheka nao pale mlangoni. Lakini ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kinywani mwako, Aba, na sipati raha.

Gacheri amepiga simu. Nyama waliyotoa imepimwa, na kingo zake zote ni safi. Hakuna saratani iliyobaki! Alhamdulillahi, nilikaa chini palepale sokoni. Anasema sasa uanze kutoa sauti, pole pole. Amebandika karatasi kwenye mashine yake, ameandika ROBA. Umejaribu kuongea? Niambie hata kama haijatoka.

Binti yako,
Nasteha

*

Korbesa, 9 Julai 2025

Nasteha wangu,

Aleikum salaam. Mamako yuko sawa, uji ameupika vile anavyotaka yeye. Nyama laini nameza sasa.

Sikukujibu mapema kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Leo ninalo. Asubuhi nilienda kisimani nikaita. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu, na Kaltuma akageukia upande mwingine ili nisione uso wake. Mara ya pili kikatoka kitu. Kinakwaruza, si sauti niliyozaliwa nayo. Yule jike mzee mwenye kengele akainua kichwa, akatazama. Hakuja mbio. Alikuja akitembea, akaninusa mdomo, akasimama hapo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Nililia mbele ya watu wote na sioni haya.

Gacheri mpelekee nyirinyiri, namtumia mkebe mpya kwa Abdinajib. Roba hali chakula, nimeelewa. Msalimie tu.

Ijumaa nitakuwa Merti, kwenye netiwaki. Barua hii usiijibu. Piga simu. Ukisikia sauti usiyoijua, usiniambie "Halo! Halo!" wala usikate. Subiri kidogo. Ni mimi.

Aba