Wasomaji wa Elisante

Jumamosi, 12 Juni 2004
Mume wangu ni mwandishi! Mchana karani wa serikali, jioni Elisante wangu anaandika tovuti yake, Gemu Leo — habari za gemu za kompyuta na vituko vya intaneti, kwa Kiswahili! Juu kabisa kaweka picha ya jamaa mwenye upanga. Kaunta chini inaonyesha wasomaji tisa. Sita ni mimi. Leo hakumaliza ugali. Uso ule ukinuna, mimi siwezi. Siwezi kabisa!

Jumanne, 15 Juni
Nimepata dawa. Pale intaneti kafe ninapouza muda, nimeweka kompyuta zote zifungukie Gemu Leo. Anayetaka barua pepe yake apite kwanza kwa mume wangu. Na Bunge hili la bajeti, kafe imefurika! Mama mmoja wa Bungeni akafoka: dada, huyu wa upanga ananitaka nini kila siku? Shikamoo mama, nikamwambia, ni habari tu, atatoka.

Ijumaa, 18 Juni
Mia nne! Elisante alinibeba toka mlangoni hadi jikoni, sufuria mkononi. "Evarista, wabunge wanapenda gemu!" Hata dalali mmoja wa soko la Kibaigwa, Yotham, kamwandikia — anauliza bei ya mahindi iko ukurasa gani. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Nilitaka kumwambia. Lakini macho yale yanavyong'aa!

Jumapili, 20 Juni
Mungu wangu. Elisante anaacha kazi! Kesho anamwambia bosi. Kamwita Mzee Batholomeo, msimamizi wetu wa ndoa, atubariki — na mzee ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Wako sebuleni. Mimi jikoni, nasikia yote.
"Mia nane? Nani hao?"
"Watu wa Bunge, mzee! Kila siku!"
"Ajabu. Jana nilikwenda pale kafe kumwandikia mwanangu Erica. Nawasha, jamaa ana upanga. Nikahama kompyuta — yupo. Nikahama tena — yupo! Nikajua ni virusi."
Nasikia kiti cha Elisante kikilia.
"Hivi Elisante, kompyuta za pale anaziandaa nani asubuhi?"

Chai imechemka hadi imemwagika. Nimetia sukari. Nadhani nimetia mara mbili. Elisante anaita, taratibu, kwa sauti ileile ya fungate: "Mke wangu, njoo kidogo."
Mzee anacheka au anakohoa? Sijui.
Mume wangu anaita tena —